Fundi wa Wufa Aliyeogopa Stima

Kabla hajagusa kitu chochote chenye waya, alikuwa anauliza swali moja: "Nani mwingine ako hapa?"

Alikuwa anatuhesabu. Akishajua tuko wangapi ndani ya nyumba, anamwomba kila mtu akae mahali ambapo anaweza kumwona. Watoto wanatolewa nje. Mama aliyeshika sufuria anaambiwa aiweke chini kwanza. Ndipo anapiga magoti nyuma ya amplifaya, mkono wa kushoto ukiwa umezama ndani ya mfuko wa suruali kama mtu anayetafuta ufunguo, na kazi yote anaifanya kwa mkono wa kulia peke yake. Siku za kwanza nilifikiri ni madoido.

Tulikuwa tumekodi kibanda kimoja Kibera, upande ule unaopakana na mtaa wa Olympic. Mimi nilikaa mbele na cherehani yangu, yeye nyuma na redio zake, katikati pazia la maua nililolishona mwenyewe. Tulikaa hivyo miaka minane. Watu wote walimwita Fundi. Mimi pia ni fundi, wa nguo, kwa hivyo mteja akisimama mlangoni na kuita "Fundi", tuliitika sote wawili, kisha yeye ananyamaza na kuniachia. Jina lake lilikuwa limeandikwa kwenye kitambulisho alichokiweka ndani ya kopo la skrubu. Nililiona mara moja na sikuwahi kulitumia. Kwao sikumwuliza, wala yeye hakuniuliza kwetu.

Huo mkono wa mfukoni alinieleza siku nyingine, nilipomcheka.

"Mama Awuor, stima ikikushika mkono mmoja ikashuka kwa mguu, unaweza kupona. Ikiingia huu itokee huu, inapita hapa." Akajichora kwa kidole kutoka kiganja hadi kiganja, kupitia kifuani. "Kwa hivyo huu mmoja naficha."

Tangu siku hiyo nikawa naiogopa mota ya cherehani yangu. Nilikuwa nimeitumia muda mrefu bila kuifikiria. Sasa nikawa nalikanyaga kanyagio la cherehani taratibu, huku nikiuangalia waya wake uliochubuka kana kwamba ni mnyama aliyelala. Fundi hakutaka kunitisha. Lakini ukikaa pazia moja na mtu mwenye hofu ya kweli, hofu yake inapita kwenye kitambaa.

Na sababu za kuogopa zilikuwepo. Stima ya kibanda chetu ilitoka kwenye nguzo ya barabarani, ikapita juu ya paa la muuza samaki, ikazungushwa kwenye msumari, ikaingia kwetu kupitia tundu la ukutani. Aliyetuunganishia alikuwa kijana ambaye hatukujua alijifunzia wapi. Fundi aliuchukia ule waya. Alisema hakuna siku angekubali kulala chini yake. Lakini asubuhi anafika, anauchungulia, anatikisa kichwa, na kuchomeka chuma chake cha kulehemu palepale. Nilimwuliza mbona anautumia kama anauogopa hivyo.

"Nifanyie wapi kazi?" akasema.

Mvua ikinyesha hakufanya kazi kabisa. Wateja walikuja wakamkuta amesimama nje chini ya ukingo wa paa, mikono amejikumbatia, ndani kumezimwa kila kitu. "Leo kuna unyevu," anawaambia. Wengine walimtukana na kwenda kwa fundi wa kona ya pili, ambaye alikuwa anashika waya zenye moto kwa vidole huku akicheka ili watu waone. Fundi wangu hakuweza kuitazama michezo hiyo. Tukipita pale alikuwa anageuza uso na kuongeza mwendo. Vijana wa ukumbi wa video walimwita Mwoga. "Niaje Mwoga," wanamwambia. Anajibu "Poa" bila kununa, kama jina lingine lolote.

Kazi yake kubwa ilikuwa wufa, zile spika kubwa za sauti nzito. Kibera watu wanapenda mziki uzito wake usikike kifuani, na mtu akishapata amplifaya na spika mbili, kinachofuata ni wufa kubwa yenye stima yake yenyewe. Wengi walijaribu kuunganisha wenyewe nyumbani. Walichukua waya za spika, zile zinazotoka nyuma ya amplifaya na nguvu zake zote, wakazilazimisha kuingia kwenye kitundu kidogo cha wufa kisichotaka nguvu. Kisha wanakuja na wufa imebebwa mgongoni, inanuka kuungua.

"Hapo uliiua," Fundi anasema polepole, kama daktari anayetoa habari mbaya.

Kwa kusikiliza nyuma ya pazia nilijifunza kazi hiyo mpaka leo naijua. Unazima kila kitu, unachomoa kila plagi, halafu unangoja, kwa sababu ndani ya amplifaya kubwa stima hubaki hata baada ya kuchomoa. Fundi alingoja muda wa kunywa kikombe cha chai, na chai yenyewe alikuwa anainywa kweli. Kisha unaangalia nyuma ya amplifaya. Kama kuna kitundu kilichotengwa kwa ajili ya wufa, kazi ni rahisi, waya mmoja tu mwembamba. Kama hakuna, unatoa waya za spika kwenye amplifaya, unazipeleka kwenye vibano vya wufa vilivyotengenezwa kwa nguvu hiyo, wa kulia kwa kulia, wa kushoto kwa kushoto, mwekundu kwa mwekundu, mweusi kwa mweusi, na kutoka hapo spika ndogo nazo zinapata chakula chao. Sauti unaiacha sifuri. Unawasha amplifaya, unawasha wufa, unapandisha kidogo kidogo. Kuna kitufe cha kuiambia wufa ishike sauti nzito peke yake na nyembamba iziachie spika ndogo. Kuna swichi nyingine ambayo watu hawaijui kazi yake. Fundi aliigeuza huku na huku, shavu lake akiwa amelilaza ukutani, akachagua upande ambao ukuta ulitetemeka kwa sauti nzito zaidi.

Hakujaribu kwa mziki. Alitafuta stesheni yenye mtu anayesoma habari. "Mtu akiongea utasikia kama kuna kitu nyuma yake," alisema. Alichokuwa anakisikiliza ni ule mvumo wa chini, mmmm, unaotoka hata sauti ikiwa sifuri. Aliuita nyuki. "Kuna nyuki," akisema hivyo, najua anaanza upya, na hataongea na mtu mpaka watoke.

Nyumbani kwake hakuwa na redio. Niliingia mara moja kumpelekea shati nililomshonea, nikakuta kitanda, godoro la mwanawe limesimamishwa ukutani, meza, taa ya sola na kimya. Mtu aliyetikisa kuta za nusu ya mtaa alikuwa analala mahali ambapo ungesikia mende akitembea.

Habari ya kanisa aliniambia alasiri moja ya mvua, nikiwa upande wangu na yeye upande wake, na labda bila lile pazia asingeweza kuisema.

Zamani, kabla hatujajuana, alikuwa ameunganisha vyombo vya kanisa moja dogo la mabati. Amplifaya, wufa, spika nne, maiki. Siku ya ibada sakafu ilikuwa imeoshwa na bado haijakauka. Mwimbaji wa kwaya alivua viatu kama walivyokuwa wanavua, akasimama mbele, akashika maiki.

"Akaanza kutetemeka," Fundi alisema. "Watu wakapiga makofi. Walidhani ni Roho. Mimi nikaona vidole. Vidole havikuwa vinaachia."

Alikimbilia plagi. Katikati kulikuwa na watu waliosimama kwenye viti wakiimba, na hawakumpisha haraka.

"Alikuwa na miaka kama yako," akasema. Mashine yangu ilikuwa imesimama kitambo. "Hakuna mtu alinilaumu, Mama Awuor. Walikuja wakaniomba nilete vyombo kwa mazishi. Nilileta. Nikavipanga vizuri. Sikuviwasha. Mchungaji akaongea kwa mdomo tu na hakuna aliyeuliza."

Baada ya hapo aliuza makaa mwaka mzima. Kwa nini alirudi kwenye waya sikuwahi kuelewa, na nilipomwuliza alisema makaa yalimkohoza.

Sasa niseme ya mtaa wa Kawangware, maana hiyo niliiona kwa macho yangu na sehemu yangu ndani yake siipendi.

Kulikuwa na mzee mmoja mwenye ploti kule, aliyezaliwa palepale na kurithi ardhi kwa babake. Mbele alikuwa na nyumba yake ya mawe, nyuma safu mbili za vyumba vya mabati vya wapangaji. Nilikuwa namshonea mapazia na vitambaa vya makochi kwa sababu Jumamosi ya wiki ile wakwe walikuwa wanakuja. Alikuwa amenunua wufa kubwa ya mbao nyeusi na alitaka wakwe waisikie. Akaniuliza kama najua fundi mzuri. Nikasema ninaye.

Jumamosi asubuhi tulifika pamoja. Fundi akauliza swali lake, akatuhesabu, akapiga magoti. Mimi nikasimama dirishani nikibana mapazia kwa sindano. Amplifaya ilikuwa ya zamani, nzito, na haikuwa na kitundu cha wufa, kwa hivyo akapitisha waya za spika. Akawasha. Sauti ilikuwa sifuri, na nyuki walikuwa wamejaa chumba.

Alizima, akachomoa, akangoja, akaunganisha upya. Nyuki wakarudi. Mzee alikuwa amesimama mlangoni akitazama saa.

Fundi akatoa testa yake, ile bisibisi yenye kitaa kidogo ndani ya mpini, akaigusisha kwenye skrubu ya bamba la chuma nyuma ya wufa. Kitaa kikawaka chekundu. Akaurudisha mkono kama aliyegusa sufuria ya moto. Uso wake ulibadilika rangi. Aliinuka, akatoka nje, nami nikamfuata na sindano bado ziko mdomoni.

Akagusa ukuta wa mabati wa chumba cha kwanza. Kitaa kikawaka. Cha pili, kikawaka. Bomba la maji, kikawaka. Kati ya safu zile mbili kulikuwa na waya wa chuma wa kuanikia nguo, umefungwa kwenye mabati huku na huku, na mama mmoja mpangaji alikuwa anauendea, beseni la nguo kiunoni, mtoto mgongoni, miguu mitupu kwenye tope.

"Mama, simama hapo," Fundi alisema. Hakupaza sauti. "Usiguse hiyo kamba."

Yule mama akasimama. "Hii mabati hupiga kila siku," akasema. "Mvua ikinyesha ndiyo inauma zaidi. Tulishamwambia mzee."

Fundi akarudi kwa mwenye ploti. "Mzee, lazima tuzime ploti yote."

"Wageni wanafika saa nane," mzee akasema. "Nilikuita uunganishe wufa. Sikukuita ukague ploti."

"Wufa nimeunganisha. Hiyo stima imetoka kwa mabati ikaingia kwa wufa."

"Basi toa wufa yangu kwa stima, uende nyumbani."

Nitasema ukweli. Moyo wangu ulipumua. Nikaona njia imefunguka, tutakusanya vitu vyetu, tutoke kwenye lile geti na tusirudi. Fundi alisimama kidogo akitazama miguu yake. Kisha akatembea hadi kwenye kisanduku cha mita, akashusha swichi kubwa, akachomoa fyuzi, akaitia mfukoni. Friji ikanyamaza ndani ya nyumba. Redio za wapangaji zikakatika zote kwa pamoja, na watu wakaanza kutoka kuona kumetokea nini.

Vijana wawili wa mzee wakaja. Mmoja akamkamata kola. Fundi alikuwa anatetemeka mpaka miwani ikateremka hadi kwenye ncha ya pua, na sauti ilipotoka ilikuwa nyembamba kama ya mtu mgonjwa.

"Mkitaka kunipiga nipigieni hapo nje," alisema. "Msinisukume kwa mabati. Sijui kama imekufa yote."

"Toa fyuzi," kijana akasema.

Na mimi, niliyekaa naye miaka, niliyeisikia habari ya kanisa, nikatoa sindano mdomoni nikasema, "Fundi, mpe tu. Twende."

Alinitazama. Hakukasirika. Alinitazama kama alivyokuwa anawatazama wateja walioleta wufa iliyoungua.

Aliyeongea ni yule mama wa beseni. Alikuwa bado amesimama palepale alipoambiwa asimame. "Mzee," akasema, "wewe weka mkono wako kwa huo ukuta. Ukishaweka, huyu atarudisha fyuzi, na sisi tutanyamaza."

Wapangaji wote walikuwa nje sasa. Mzee akautazama ukuta. Ulikuwa mabati ya kawaida, yenye kutu chini, na chaki ya watoto. Mkono hakuuweka. Kisha akamwambia kijana wake, "Mwachilie," akaingia ndani, akapiga simu kwa mtu wa stima.

Yule mtu alikuja na ngazi. Juu ya paa, mahali palipokuwa pamezibwa tundu la mvua, msumari ulikuwa umetoboa waya mkubwa ukauunganisha na bati. Na mtu fulani, miaka ya nyuma, alikuwa amechukua ule waya wa soketi unaofaa kuzama ardhini, akakwepa kazi ya kuchimba, akaufunga kwenye bati hilohilo. Kwa hivyo vyumba vyote na soketi zote zilikuwa zinaonjeshana stima. Alishangaa hakuna aliyekufa. Wakwe walikaribishwa kwa mazungumzo tu. Stima ilirudi saa kumi na moja, Fundi akawasha wufa, na hapakuwa na nyuki hata mmoja. Mzee hakumshukuru. Mlangoni alimwambia tu, "Umesumbua watu sana leo."

Tulipotoka getini tulitembea kidogo, Fundi akakaa kwenye jiwe kando ya mtaro akatapika. Nilimpa kitambaa nilichokuwa nacho, kipande cha pazia la yule mzee.

"Nilitaka kwenda," akaniambia. "Aliposema toa wufa uende, miguu ilikuwa imeshaanza. Wewe ulidhani naenda kwa mita. Mimi nilikuwa naenda getini. Sijui ni vipi nilifika kwa mita."

Sikumwomba msamaha kwa lile neno langu. Nilitaka, kila asubuhi nikifungua kibanda nilitaka, na yeye hakunikumbusha.

Baadaye macho yake yalipungua nguvu, akaacha kazi. Mimi nikapata chumba cha kushonea karibu na Nyayo Highrise, tukapotezana. Nilimwona tena mwaka jana.

Nilikuwa napita Kibera mchana na mzigo wa sare za shule. Kwenye njia iendayo kwenye posho mili, kile kinu cha unga, nikamwona amesimama peke yake, amekonda, uso ameuinua juu. Nikamsalimu. Hakugeuka, aliinua tu mkono kunizuia nisiongee. Nikafuata macho yake.

Juu ya nguzo alikuwepo mwanaume anaunganisha waya. Hakuwa na glavu wala mkanda. Alikuwa amekumbatia nguzo kwa magoti, mikono yote miwili ndani ya lile fundo la nyaya, akiongea kwa utani na mtu aliyekuwa chini.

"Ni wangu," Fundi alinong'ona. "Kifungua mimba."

Nilimkumbuka akiwa wa sekondari, akipita kibandani kuchukua ufunguo wa nyumba. Sasa alikuwa na ndevu.

"Mwite ashuke," nikanong'ona pia.

"Nikimwita atageuka." Macho hakuyashusha. "Akigeuka, kiwiko kitaenda kwa ule waya wa kushoto. Niliongea naye nyumbani. Nimeongea naye mpaka nimechoka. Anasema mimi ni mwoga, na kweli ni mwoga. Kwa hivyo nikisikia ako kazi mahali, nakuja nasimama. Sijui nasimama kufanya nini."

Nikaweka mzigo chini, nikasimama naye. Watu walipita na mikebe ya maji, mwingine na mkokoteni, hakuna aliyetazama juu. Cheche moja ikaruka, ndogo, ya buluu. Fundi akanishika mkono, juu ya kiwiko, na vidole vyake viliniuma. Yule mwanaume juu akacheka, akapuliza mkono wake, akaendelea. Sijui ilichukua muda gani. Nilichokuwa nasikia ni pumzi ya Fundi tu, ikiingia na kukaa.

Hatimaye miguu ikaanza kuteremka. Alipofika nusu akaruka, akatua kwenye vumbi, akaomba maji.

Fundi akaniachilia. Alijifuta uso kwa mkono wa shati. "Usimwambie nilikuwa hapa," akasema, akaingia kichochoro cha nyuma ya posho mili, akipapasa ukuta kwa sababu kwenye giza la kichochoro hakuona vizuri.

Mwanawe akaja upande wangu akinywa, kifua kimelowa jasho. Alinitambua.

"Mathe, sasa," akasema. "Unangoja nani hapa kwa jua?"

"Hakuna," nikasema, nikainama kuokota mzigo wangu ili asinione uso.